Ameteguka tu

Konda ameshagonga bati mara mbili. Mama ana mfuko wa mboga mkono wa kushoto, pochi ameibana kwapani, na kwa mkono wa kulia amemshika mwanawe wa miaka miwili. Ngazi ya kwanza ya daladala inamfikia mtoto kiunoni na nafasi ya kumbeba haipo. Mama anapanda, anavuta. Konda naye anasaidia, anamnyanyua mtoto kwa kiganja kilekile. Mtoto analia kidogo, kisha anatulia. Wakishuka, mkono wake wa kushoto unaning'inia ubavuni, kiganja kimetazama nyuma, na akipewa biskuti anaipokea kwa kulia tu.

Jirani anautazama mara moja na kutoa hukumu: ameteguka.

Safari hii jirani yuko sahihi.

Neno hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Kutega ni kuweka kitu tayari mahali pake, kutegua ni kukifyatua, na kilichoteguka kimetoka kilipowekwa. Ni neno zuri, na kwa mtoto yule wa daladala halina kosa. Tabu ni kwamba tunalitumia kwa kila kiwiko kinachouma: cha mtoto aliyevutwa, cha aliyeanguka mwembeni, cha kipa aliyedondokea mkono, cha kijana anayerusha mkuki. Neno likiwa moja, tiba nayo inakuwa moja. Mkono unavutwa, unakandwa kwa mafuta, unafungwa.

Mmoja kati ya hao anapona kwa kugeuzwa mkono kwa sekunde chache. Mwingine, akifanyiwa hivyohivyo, anaweza kupoteza kiganja.

## Pete iliyobanwa

Mifupa inayokutana kiwikoni ni mitatu. Mmoja unashuka kutoka begani. Miwili inapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono, mmoja upande wa gumba na mwingine upande wa kidole cha mwisho. Ule wa upande wa gumba unaishia na kichwa cha mviringo, mfano wa kitufe, na kitufe hicho kimezungukwa na ligamenti, utepe mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, kama pete. Ndani ya pete hiyo mfupa unajizungusha kila unapogeuza kiganja juu au chini.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, pete hiyo bado ni legelege. Ukimvuta mkono ukiwa umenyooka na kiganja kimetazama chini, mfupa unateleza kidogo, pete inapanda juu ya kichwa chake, na sehemu yake inanaswa katikati ya mifupa kama shati lililonaswa na zipu. Hakuna kilichovunjika. Akishapita miaka mitano pete imekomaa, na tatizo hili huwa nadra.

Mkono wa kushoto ndio unaoumia zaidi, kwa sababu watu wazima wengi wanatumia kulia, na mtoto anayetembea ubavuni kwako ukiwa umemshika kwa kulia anakupa kushoto. Daladala ni njia moja tu. Kumrusha hewani akiwa ameshikwa viganja, kumdaka mkono asikimbilie barabarani, hata kumvuta mkono upite kwenye sweta linalobana, vyote vinaweza kuleta jambo lilelile.

Kinachoitambulisha hali hii ni kile usichokiona. Hakuna uvimbe wala kuvia damu. Mtoto ametulia, anacheza kwa mkono mmoja, na analia pale tu unapojaribu kuugeuza mwingine.

Anayejua kazi anakaa mbele ya mtoto aliyepakatwa. Kwa mkono mmoja anakishika kiwiko, gumba lake likiwa juu ya kile kitufe, upande wa nje. Kwa mwingine anashika kifundo cha mkono. Kiwiko kimekunjwa kiasi cha pembe mraba. Kisha anakigeuza kiganja kitazame chini, anaendelea kukigeuza mpaka kikomo, kwa mwendo mmoja usio na kusitasita. Gumba linahisi kitu kidogo kikiruka: tik. Njia ya zamani ni kukigeuza kiganja juu na kukunja kiwiko hadi karibu na bega. Nayo inafanya kazi, ila ya kwanza mara nyingi inafaulu kwa jaribio la kwanza na inauma kidogo.

Halafu unamwacha. Hili ndilo linalowashinda wengi, maana kila mtu anataka kuujaribu ule mkono palepale. Weka biskuti upande wa kushoto, geuza uso, subiri. Wengi wanainyoosha mikono ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Nusu saa ikipita bila dalili, au majaribio mawili yakishindwa, huyo anahitaji picha ya eksirei. Jaribio la tatu la nguvu zaidi halina faida.

## Shaka yangu

Nilisita kuziandika hatua hizo. Sababu ni kwamba sekunde zile chache ndizo zinazolipatia neno "ameteguka" hatari yake. Mtaa mzima umeona: mkono uliokuwa unaning'inia umegeuzwa, mtoto kaondoka akipunga. Nani atabisha? Desemba ikifika, shule zimefungwa na maembe yameiva, mtoto wa miaka sita anaporomoka kutoka tawini. Hukumu ni ileile, na mikono inayomfikia ni ileile.

Nikaona kuficha hakusaidii, kwa kuwa maarifa yenyewe yako mtaani tayari. Kinachokosekana ni swali la kuuliza kabla ya kumgusa.

Amevutwa, au ameanguka?

Aliyevutwa, wa chini ya miaka mitano, asiye na uvimbe, ndiye anayegeuzwa mkono. Aliyeanguka hageuzwi. Aliyevimba hageuzwi. Ambaye hakuna aliyeona alivyoumia naye hageuzwi.

Swali linaonekana jepesi mpaka ukumbuke nani anayelijibu. Dada wa kazi aliyemvuta mtoto anajua kazi iko mashakani, kwa hiyo atasema alimkuta analia tu. Mtoto aliyekatazwa kupanda mwembe atasema ameteleza bafuni. Mara nyingi hadithi inayofika kwa daktari imeshapigwa pasi njiani. Atakayetaka ukweli aondoe kwanza fimbo chumbani: "Hakuna anayegombezwa leo, nataka kujua tu ulikuwa juu ya nini." Anguko la kitandani na anguko la mita tatu juu ya mizizi havivunji mfupa kwa namna moja.

## Mahali pembamba

Ule mfupa unaoshuka kutoka begani unapokaribia kiwiko unapanuka na kuwa bapa. Juu kidogo ya maungio una mashimo mawili, moja mbele na moja nyuma. La nyuma linapokea ncha ya kiwiko unaponyoosha mkono. Katikati ya mashimo hayo mfupa ni mwembamba kiasi kwamba ukiushika mkavu na kuuelekeza kwenye taa, mwanga unapenya.

Mtoto akianguka anatanguliza kiganja. Katika umri wa miaka mitano hadi saba viungo vinalegea sana, hivyo kiwiko kinanyooka kikapitiliza. Ile ncha ya nyuma inazama kwenye shimo lake na kufanya kazi ya mtaimbo, na mfupa unakatika palepale palipo pembamba. Huu ndio mvunjiko wa kiwiko unaowapata watoto zaidi ya mingine yote.

Kipande cha chini kinasukumwa nyuma. Cha juu kinabaki na ncha kali inayotazama mbele, na mbele ya kiwiko ndipo unapopita mshipa mkuu wa damu wa mkono, na kando yake neva kubwa, yaani mshipa wa fahamu. Sasa fikiria mtu ameushika mkono huo anauvuta "urudi".

Madaktari wanaupanga mvunjiko huu kwa ngazi tatu walizozirithi kwa daktari wa mifupa Gartland, aliyeziandika mwaka 1959. Ya kwanza, mfupa umepata ufa lakini haujasogea. Ya pili, umepinda nyuma huku ukuta wa nyuma ukiushikilia kama bawaba. Ya tatu, vipande vimeachana kabisa. Ngazi ya kwanza ndiyo inayofanana na "kuteguka" kuliko zote: uvimbe ni wa wastani, umbo limebaki lilelile, na hata kwenye picha ufa unaweza usionekane. Msomaji mzoefu wa picha anatafuta kivuli cheusi nyuma ya mfupa. Ni mafuta yaliyosukumwa na damu iliyojaa ndani ya maungio. Kivuli hicho kikiwepo baada ya kuanguka, mtoto anatibiwa kama aliyevunjika, hata kama mstari wenyewe haujaonekana.

Ngazi ya tatu haifichiki. Kiwiko kinachukua umbo la herufi S. Ukiona kishimo kwenye ngozi ya mbele, kama ngozi imefinywa kutoka ndani, jua ncha ya mfupa imetoboa msuli na kuing'ang'ania ngozi. Huyo hasubiri kesho.

## Boksi na khanga

Njiani mnafanya machache. Vueni bangili, pete na shanga kabla mkono haujavimba. Uacheni mkono katika pembe mliyoukuta, ukiwa umekunjwa kidogo. Msiunyooshe, wala msiukunje sana mkidhani mnaupumzisha, kwa sababu kiwiko kilichovimba kikikunjwa kupita pembe mraba kinaubana mshipa wa damu. Chukueni boksi gumu, likunjwe kufuata pembe hiyo, liwekwe chini ya mkono, lifungwe kwa vitambaa viwili: kimoja juu ya kiwiko, kimoja chini yake. Juu ya kiwiko chenyewe hapafungwi kitu. Ncha za vidole zibaki nje zikionekana. Khanga inaushikilia mkono wote kifuani.

Gango la namna hiyo linatosha kabisa kwa safari. (Gango na mganga ni neno moja kwa asili, kuganga ni kuunga. Wazee walijua kazi ya kwanza ya mganga ilikuwa kushikilia kilichoachana.)

Dawa ya maumivu inaruhusiwa: parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 300 kwa mtoto wa kilo 20, kwa maji kidogo tu. Chakula hapana, hata mkipita kwenye chipsi. Akihitaji upasuaji, tumbo linatakiwa liwe tupu saa sita tangu mlo wa mwisho, na sahani ya wali aliyobembelezwa nayo asinyamaze inaweza kuisogeza operesheni hadi usiku.

## Jiwe, karatasi, mkasi

Mtoto mwenye maumivu hajibu maswali ya neva. Anacheza.

Mwambie afanye jiwe. Akikunja ngumi, neva ya katikati inafanya kazi. Karatasi, anyooshe kiganja na vidole: hiyo ni neva inayopita nyuma ya mfupa. Mkasi, atanue vidole viwili: hiyo ni neva ya ndani ya kiwiko, ileile inayokupiga shoti hadi kidole cha mwisho ukigonga ukingo wa meza. La nne si la mchezo huo. Mwombe aunganishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada zifanye duara. Duara likiwa la mviringo, vizuri. Vidole vikikutana bapa kama mdomo wa bata, tawi dogo la neva ya katikati limeguswa, na hilo ndilo linaloumia mara nyingi zaidi mfupa unapokwenda nyuma.

Neva nyingi za namna hiyo zinarudi zenyewe, baadhi kwa wiki, nyingine kwa miezi kadhaa. Muhimu ni kuandika hali yake kabla mtu hajaugusa mkono. Isipoandikwa, baadaye hakuna atakayejua kama neva iliumia mwembeni au kwenye meza ya upasuaji.

Kisha damu. Pima mapigo kwenye kifundo, upande wa gumba. Bonyeza ukucha mpaka ugeuke mweupe, uachie, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mkono usio na mapigo lakini wa moto na wenye rangi unahitaji daktari wa mifupa haraka. Mkono usio na mapigo, wa baridi na uliopauka, unahitaji chumba cha upasuaji sasa hivi.

## Kinachoua mkono

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko popote.

Tumezoea kudhani ubaya wa mvunjiko uko kwenye mfupa. Lakini mfupa wa mtoto ni mwepesi kuunga, wiki tatu au nne umeshikana. Kinachoua mkono ni msuli kukosa damu.

Misuli ya mkono wa chini imefungwa ndani ya utando usiovutika. Ikianza kuvimba haina pa kwenda, kwa hiyo shinikizo linapanda kama mpira unaozidi kupigwa pampu. Likipanda vya kutosha, damu inashindwa kupenya kwenye mishipa midogo, hata kama mapigo ya kifundo bado unayasikia. Msuli uliokaa hivyo kwa saa sita hadi nane unaanza kufa, na uliokufa haufufuki. Unageuka kovu, kovu linajikunja, na miezi ikipita vidole vinavutwa ndani kama kucha za mwewe. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza ulemavu huu mwaka 1881, na yeye alinyooshea kidole bandeji zilizokazwa mno.

Tangu 1881, na bado tunakaza.

Ni rahisi kumtupia lawama mtu wa kuunga mifupa na vijiti vyake vilivyofungwa kwa kamba pande zote. Lawama ipo, na ni ya haki: vijiti vinavyoizunguka mikono ya watoto na kukazwa siku ya kwanza, kabla uvimbe haujafika kileleni, vimeacha vidole vilivyokauka katika vijiji vingi. Lakini POP, ile plasta ya hospitali, ikizungushwa duara kamili siku hiyohiyo inafanya kazi ileile kwa usafi zaidi. Ndiyo maana siku za mwanzo mkono hufungiwa nusu plasta, upande wa nyuma tu, na bandeji laini juu yake. Aliyeenda hospitali asijione ameshavuka salama.

Dalili ya kwanza ni maumivu yanayopanda wakati yangepaswa kushuka. Mtoto ametibiwa, amepewa dawa, ilitakiwa alale. Badala yake anahangaika, anadai dawa kabla ya saa yake, hatulii hata akibebwa. Vinyooshe vidole vyake taratibu, kimoja kimoja: akiruka kwa uchungu kwenye mkono wa chini, mbali na pale palipovunjika, hiyo ndiyo alama yenyewe. Kufa ganzi, kupauka na kupotea kwa mapigo vinakuja baadaye, wakati mwingine baadaye mno.

Mama anayesema "huyu mtoto leo halii kilio chake" ameshafanya uchunguzi. Arudishwe usiku huohuo. Kazi ya aliye zamu ni kufungua kila kitu mpaka ngozi ionekane, bandeji na pamba pia, kwa kuwa pamba iliyokauka na damu inabana kama kamba, kisha kukilegeza kiwiko kutoka kwenye mkunjo. Nafuu isipopatikana upesi, utando wenyewe unapasuliwa. Na kama hospitali iko mbali na gari halijapatikana, fungueni bandeji ya ile nusu plasta mkiwa mnasubiri. Mfupa ukisogea utarudishwa tena kesho.

## Vyuma viwili vyembamba

Mvunjiko wa ngazi ya kwanza unakaa kwenye nusu plasta wiki tatu au zaidi kidogo. Wa ngazi ya tatu, na mingi ya ngazi ya pili, unarudishwa mtoto akiwa amelala kwa dawa, daktari akitazama picha ya eksirei kwenye skrini, bila kupasua. Kisha vinapigwa vyuma viwili au vitatu vyembamba kama spoku ya baiskeli kupitia ngozi, kwa kawaida kutoka upande wa nje, maana upande wa ndani inapita ile neva ya shoti. Ncha zinaachwa nje ya ngozi zikiwa zimepindwa. Baada ya wiki tatu au nne zinavutwa kwa koleo kliniki, kwa sekunde chache. Mtoto anaogopa kuziona kuliko anavyoumia.

Wazazi wengi wanauliza kwa nini vyuma, wakati mtoto wa jirani alivunjika mkono ukapinda na baadaye ukajinyoosha wenyewe. Swali ni zuri. Yule wa jirani huenda alivunjika karibu na kifundo cha mkono au karibu na bega, ambako mfupa unakua kwa kasi na kujirekebisha. Mfupa wa mkono wa juu unapata urefu wake kwa asilimia 80 hivi kutoka upande wa bega. Upande wa kiwiko unachangia 20 tu. Kiwiko kilichounga kimepinda ndani kitabaki kimepinda ndani akiwa darasa la saba na akiwa bwana harusi.

## Ule wa pembeni

Kuna mvunjiko mwingine ninaouogopa kwa sababu ya upole wake. Mtoto wa umri uleule anavunjika kifundo cha nje cha kiwiko. Uvimbe uko upande mmoja tu, mkono unakunjika kiasi, na baada ya siku chache analalamika kidogo. Kwenye picha kinaonekana kipande chembamba kama ganda la kucha, kumbe kipande chenyewe ni kikubwa, sehemu kubwa yake ni gegedu, ile tishu laini kuliko mfupa, na gegedu eksirei hailioni. Tena kiko ndani ya maungio, kinaoshwa na majimaji yanayochelewesha kuunga, huku misuli ya mkono wa chini ikikivuta kila siku.

Kikisogea zaidi ya milimita mbili, mara nyingi kinahitaji kufungwa kwa vyuma. Kikiachwa kinaweza kisiunge kabisa. Mkono unapinda kuelekea nje polepole, neva ya shoti inavutika mwaka hadi mwaka, na mtu mzima wa miaka 30 anaanza kuangusha kijiko huku kidole cha mwisho kikifa ganzi. Hakumbuki tena kwamba alianguka akiwa chekechea.

Picha zenyewe zina mtego. Kiwiko cha mtoto kina vituo sita vya mfupa, yaani mahali gegedu linapoanza kugeuka mfupa, vinavyojitokeza kwa zamu, takribani mwaka wa 1, 3, 5, 7, 9 na 11, wasichana wakitangulia. Asiyezoea anaweza kuita kituo cha kawaida kipande kilichovunjika, au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi. Kituo cha upande wa ndani hujitokeza kabla ya kile cha katikati. Ukiona cha katikati kipo na cha ndani hakipo, kitafute ndani ya maungio, huenda kimenaswa humo kiwiko kilipochomoka na kurudi. Ukiwa na shaka, piga picha na ya kiwiko cha pili kisichoumia, uweke mbili pamoja.

## Mkono unaorusha

Kwa mrushaji hadithi inageuka. Hakuna anguko. Kuna hesabu.

Mkenya Julius Yego alishinda ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa kurusha mkuki mita 92.72. Katika mrusho, kabla mkuki haujatoka mkononi, kiwiko kinalazimishwa kufunguka upande wa ndani, na anayekizuia kisifunguke ni ligamenti moja fupi. Kwa mtu mzima hiyo ndiyo inayochakaa na kukatika. Kwa kijana wa miaka 12 ligamenti ina nguvu kuliko mfupa laini ilikojishikiza, kwa hiyo kinachoachia ni mfupa. Huanza kuuma upande wa ndani baada ya mazoezi, kisha wakati wa mazoezi, kisha siku moja kunasikika "pa!" katikati ya mrusho.

Mchezo wa besiboli wa Marekani ndio ulioyachunguza haya kwa undani. Huko mtoto wa miaka 9 au 10 anawekewa kikomo cha mirusho 75 kwa siku ya mchezo, wa 11 au 12 mirusho 85, pamoja na siku za mapumziko kulingana na idadi aliyorusha. Walijifunza kwa gharama. Mwaka 1974, Los Angeles, daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mwingine wa mrushaji Tommy John na kuipitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko, ishike nafasi ya ligamenti iliyokatika. John alirudi uwanjani 1976 na akaendelea hadi 1989. Upasuaji unaitwa kwa jina lake mpaka leo, na kupona kunachukua mwaka au zaidi.

Kwa mwalimu wa michezo wa shule asiye na daktari wa timu, ninachokishikilia ni kidogo. Hesabu mirusho kwa kalamu. Anayeumwa upande wa ndani wa kiwiko aache kurusha mpaka abonyezwe bila kuumia, na hiyo mara nyingi ni wiki nne hadi sita. Kijana ambaye kiwiko kinakwama au hakinyooki chote amepita hatua ya kupumzika tu. Huenda kipande cha gegedu kimeng'oka ndani. Sindano ya kuondoa maumivu ili awahi mashindano ya mkoa ni kumkopesha mkono wake mwenyewe kwa riba.

## Mafuta ya nazi

Vyuma vimetoka, plasta imetoka, kiwiko kigumu kama mlango wa bawaba zenye kutu. Hapa neno linarudi tena: "bado kimeteguka kidogo, akakandwe."

Kiwiko hakipendi kukandwa kwa nguvu. Misuli ya mbele iliyoumia, ikivutwa na kusuguliwa kila asubuhi, inaweza kuota mfupa ndani yake, na ule ugumu uliokuwa wa kupita ukawa wa kudumu. Mafuta ya nazi kwenye ngozi iliyokauka hayana neno. Kidole gumba kinachozama ndani ndicho chenye neno, na ndoo ya maji anayobebeshwa ili "inyooshe" ni mbaya zaidi.

Mtoto mdogo hahitaji mengi. Anaachwa aogeshe wanasesere, apige mswaki, ale kwa mkono uleule. Mkunjo unarudi mapema, mnyoosho unachelewa, na nyuzi (digrii) chache za mwisho zinaweza kuchukua miezi. Pimeni mara moja kwa wiki tu: asimame mbele ya ukuta, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, mtazame pembeni tofauti imebaki kiasi gani. Katikati ya wiki msimkumbushe. Siku moja atakuwa juu ya kiti anaifuata sukari kwenye kabati, mkono umenyooka wote, na wa kwanza kuligundua hilo atakuwa yule aliyeingia jikoni kumfokea ashuke.